Mkono na mgongo vinauma baada ya kiharusi: namna ya kutafuta chanzo kabla ya kukimbilia sindano

Mzee mmoja wa Ngamiani, Tanga, alikuwa na miezi miwili tangu kiharusi kimpooze upande wa kulia. Siku hiyo nilipomwamkia barazani hakuitikia marahaba kama kawaida yake. Alisema, "Mwanangu, ugonjwa umerudi kwa mlango wa nyuma. Mkono unauma, mgongo unauma, wala sikuanguka wala sikubeba kitu." Kijana wake alikuwa ameshamchomesha sindano tatu za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, duka la dawa la mtaani. Jirani naye alikuwa ameshaleta habari za upepo mbaya.

Kazi yangu ni fiziotherapia, kazi ambayo wengi wetu huku tunaiita "mazoezi". Katika nyumba ninazozitembelea, hili la mkono na mgongo kuuma "bila sababu" nalisikia karibu kila wiki. Sababu huwa ipo. Mara nyingi inakaa mule mule ndani: kwenye kochi, kitandani, kwenye mfuko wa dawa, kwenye mikono ya watoto wanaomnyanyua mzazi kwa mapenzi yote. Na mara nyingi si moja. Mzee wa Ngamiani alikuwa na maumivu ya namna tatu, kila moja na chanzo chake, yakatoka kwa jina moja kwa sababu yanamuuma mtu mmoja.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio, hasa ya kwanza. Usiiruke.

Hatua ya 1: Yasiyosubiri kesho

Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo ukiona lolote kati ya haya:

- Kifua kubana, maumivu yakienda mkononi, kwenye taya au mgongoni, pamoja na jasho jembamba, kichefuchefu au pumzi kukata. Huo huenda ni moyo. Kwa mwenye kisukari, moyo unaweza kushambuliwa bila kifua kuuma sana.
- Maumivu makali ya ghafla katikati ya mabega, kama kitu kimechanika ndani, kwa mtu mwenye presha. Mshipa mkuu wa damu unaweza kuwa unachanika.
- Uso kwenda upande, mkono au mguu kulegea kuliko jana, kauli kupotea. Hicho ni kiharusi kingine. Andika saa dalili zilipoanza, daktari atakuuliza hilo kwanza.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi kukata ghafla. Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usiukande mguu huo hata kidogo, kwa sababu bonge la damu linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu.
- Mgongo kuuma pamoja na ganzi sehemu za siri, kushindwa kukojoa, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu.
- Mgongo au ubavu kuuma pamoja na homa na kutetemeka.
- Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, hata kama alianguka polepole. Mifupa ya upande uliopooza hudhoofika kwa kukosa kazi, na huvunjika kwa jambo dogo.

Kuna mengine mawili yasiyohitaji kukimbizwa usiku, ila yasikae. Mgongo unaouma wiki baada ya wiki, na mtu anakonda na kutoka jasho usiku, upimwe kifua kikuu, maana ugonjwa huo hushambulia hata pingili za uti wa mgongo. Na maumivu ya kuwaka yanayozunguka upande mmoja wa mgongo au kifua, kisha vikatokea vipele vyenye maji, ni mkanda wa jeshi. Dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Kwa hiyo mvue nguo uangalie ngozi. Nimeona watu wakikanda mgongo siku nne bila kuinua fulana.

Hatua ya 2: Uliza, halafu andika

Ukimuuliza mgonjwa "Unaumwa wapi?" atakwambia "Mkono." Mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja. Wengi kidole kinakwenda juu ya bega, wala si mkononi. Wengine wanapitisha kiganja mkono mzima tangu shingoni hadi vidoleni. Hayo ni maumivu mawili tofauti kabisa.

Kisha uliza yanaumaje, na mwache atumie maneno yake. Kiswahili kimejaliwa hapa kuliko fomu za hospitali. Bega lililoumia hukata au huchoma mkono unapoinuliwa, likatulia ukishushwa. Misuli iliyokakamaa huvuta na kukaza, na hukaza zaidi mtu akipata baridi au akikasirika. Mishipa ya fahamu huwaka, huchonyota, hupiga sindano sindano, na shuka tu ikigusa ngozi mtu anaruka. Misuli iliyochokozwa na dawa huuma kama ya mtu aliyelima shamba zima jana, ilhali hajanyanyuka kitini.

Chukua daftari la shule. Kwa siku tatu andika: saa, mahali panapouma, kiwango kuanzia 0 hadi 10, alikuwa anafanya nini nusu saa kabla, na dawa alizokunywa. Siku tatu zinatosha. Katika daftari la mzee wa Ngamiani bega lilipanda mara tano kwa siku, na saa zile zilipangana karibu sawasawa na adhana. Nitalirudia hili.

Kama kauli imepotea, tumia macho yako. Mtazame uso anapovishwa, anapogeuzwa, anapoketishwa. Akikunja uso, akishika pumzi, akisukuma mkono wako kwa ule mzima, ameshasema. Tena kuna wagonjwa, hasa ambao kiharusi kimepiga ubongo upande wa kulia, wanaousahau upande wao wa kushoto kana kwamba si wao. Mkono unabanwa chini ya mwili au kwenye mlango wasijue, wanashangaa tu jioni kwamba unauma. Kwa hao, kila ukipita, angalia mkono uko wapi.

Hatua ya 3: Kagua bega

Bega ni kama mpira uliowekwa kwenye kisahani. Kisahani ni kifupi, kwa hiyo kinachoushikilia mpira hasa ni misuli. Misuli ikilegea, mkono unaning'inia kwa uzito wake wenyewe, na kwa mtu wa kilo 70 mkono mmoja una takriban kilo 3.5. Uzito huo ukivuta mchana kutwa, mpira unashuka kidogo kutoka mahali pake.

Mkalishe wima, mikono yote miwili ikining'inia pembeni. Simama mbele yake. Weka kidole kwenye ncha ya mfupa juu ya bega, kisha ukishushe. Ukikuta bonde linaloweza kuingiza kidole kimoja au viwili upande uliopooza, na upande mzima halipo, bega limeshuka. Si lazima liwe linauma, ila liko tayari kuumia. Usijaribu kulirudisha, na usimwite fundi wa mifupa alivute. Halijateguka kwa kuanguka, limeshuka kwa kulegea, na linahitaji kubebwa.

Sasa shika kiwiko chake kwa mkono mmoja na kifundo cha mkono kwa mwingine, inua mkono mbele polepole, ukiacha pale anapokunja uso. Kisha, kiwiko kikiwa kimekaa ubavuni na kimekunjwa, geuza mkono kuelekea nje kama mtu anayefungua mlango. Bega lililoanza kuganda hukataa mwendo huu wa pili kabla ya yote. Wenye kisukari huganda mapema zaidi, hivyo kwao usisubiri.

Hatua ya 4: Fuata mkono tangu alfajiri hadi usiku

Hii ndiyo hatua inayoponya wengi, na ndiyo inayorukwa, kwa sababu haina dawa ya kununua.

Kunyanyua. Usimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza. Usimwingize mikono kwapani ukamkweza. Ukifanya hivyo unakamua kano za bega kati ya mifupa miwili, na mara chache tu zinatosha kumpa maumivu ya miezi. Mfunge khanga iliyokunjwa au mkanda mpana kiunoni, mwambie asogee ukingoni mwa kiti, nyayo zikanyage chini, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha hesabuni pamoja mpaka tatu na wewe shika mkanda. Wafundishe wote nyumbani, na hasa dereva wa bajaji, kwa sababu yeye ndiye humshika mtu mkono na kumvuta ndani ili abiria mwingine asichelewe.

Kunawa na kutawadha. Mzee wa Ngamiani alikuwa anatawadhishwa na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili. Mtoto anampenda babu, anamshika vidole, anaunyanyua mkono juu na kuumwagia maji mpaka kiwikoni. Mara tano kwa siku. Hapo ndipo daftari lilipotupeleka. Dawa yake ilikuwa meza ndogo na beseni: mkono unalazwa juu ya meza, mjukuu anatia kiganja chake chini ya kiwiko, anaosha bila kuvuta. Maumivu ya bega yalianza kupungua ndani ya wiki moja.

Kuvaa. Mkono mgonjwa huingia wa kwanza na hutoka wa mwisho. Dera na kanzu ni nguo za heshima, lakini zinapitishwa kichwani, na hapo ndipo bega linapokwezwa. Mpelekee fundi cherehani apasue mbele na kutia vifungo. Ni kazi ya fedha ndogo.

Kukaa. Mkono usining'inie pembeni ya kiti. Ulaze mezani au juu ya mto mapajani, kiwiko kikiwa kimebebwa, kiganja kimefunguka, kifundo kisiinamie ukingoni. Kama kiti ni cha plastiki chenye mikono, weka ubao kutoka mkono mmoja wa kiti hadi mwingine na utandike taulo.

Kutembea. Mkono uliolegea kabisa unaweza kutiwa kitambaa cha shingoni wakati wa kusimama na kutembea. Akikaa, kitoe. Nimewakuta watu wamefungwa kitambaa tangu asubuhi hadi kulala, kwa wiki nane, mkono umeganda ukiwa umekunjwa kifuani, na shingo nayo inauma kwa kubeba mzigo usio wake.

Kulala. Mito ya sufi ni mizuri kwa kazi hii kwa kuwa inakubali umbo unalolipa. Akilala chali, weka mto chini ya kombe la bega na mkono wote mgonjwa, ili bega lisidondoke nyuma. Akilalia upande mzima, akumbatie mto mkubwa, mkono mgonjwa ukae juu yake. Anaweza pia kulalia upande uliopooza, na wengi hupata nafuu hivyo, mradi ulivute bega mbele kwanza: tia kiganja nyuma ya kombe la bega ulisogeze, ili asilale juu ya ncha ya bega. Asiyejigeuza mwenyewe ageuzwe kila baada ya saa mbili, na kila ukimgeuza angalia visigino, nyonga na mwisho wa mgongo. Wekundu au weusi usioondoka ni mwanzo wa kidonda, na kidonda huuma kabla ngozi haijachubuka.

Hatua ya 5: Mgongo

Mtazame kwa nyuma akiwa amekaa. Je, amekaa kwenye kalio moja? Bega moja liko chini? Mtu aliyepooza humwaga uzito upande mzima, na misuli ya mgongo upande huo inafanya kazi ya wawili mchana kutwa. Weka taulo lililokunjwa chini ya kalio lililozama, msogeze makalio mpaka nyuma kabisa ya kiti, nyayo zifike chini. Kochi lenye sponji iliyokufa ni adui. Afadhali kiti cha mbao chenye mto mwembamba.

Kisha mtazame akitembea. Asiyeweza kukunja goti huinua kiuno na kuuzungusha mguu kama anayefyeka, na kila hatua kiuno kinalipa. Hilo linahitaji mtaalamu wa mazoezi, na wakati mwingine kifaa cha kushika kifundo cha mguu. Fimbo, hata hivyo, unaweza kuipima mwenyewe leo. Asimame amevaa viatu, mkono mzima ukining'inia. Mshikio wa fimbo ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikiwa ndefu kuliko hapo bega linapanda na shingo inakaza, ikiwa fupi mgongo unainama. Fimbo hushikwa kwa mkono mzima, na hii ndiyo sababu mkono mzima nao huanza kuuma: unatembea, unanyanyua, unafua, unakula, peke yake. Mzee wetu alikuwa na bakora ya marehemu baba yake, nzuri sana, ndefu kwa nusu shubiri. Hakutaka ikatwe. Tukamtafutia nyingine ya kutembelea, ile ya urithi ikabaki barazani.

Kitanda cha kamba kilicholegea kizibwe kwa mbao au kikazwe. Akilala ubavu, mto mmoja kati ya magoti. Mwenye kuswali akiona rukuu na sijida zinamvunja kiuno, aswali ameketi kitini. Mgonjwa ana ruhusa hiyo, na ninawaomba watoto wawakumbushe wazee kwa upole, maana wengi wanaona haya kuiomba.

Tena usisahau mgongo wa zamani. Mzee yule alikata mkonge ujana wake wote. Kiharusi hakikuuleta mgongo ule, kilimnyima tu njia zake za kuupumzisha.

Hatua ya 6: Mwaga mfuko wa dawa mezani

Baada ya kiharusi cha damu kuganda, wengi hupewa dawa ya kushusha mafuta ya damu, jamii ya statini: atovastatini, rosuvastatini, simvastatini. Kwenye boksi majina huishia na "statin". Ni dawa zinazookoa maisha. Kwa baadhi ya watu huleta maumivu ya misuli, na dalili yake kubwa ni hii: yanauma pande zote mbili, hata ule mzima. Mapaja yote, mabega yote, mgongo, makalio. Mara nyingi huanza wiki chache baada ya dawa kuanza au kuongezwa.

Mama mmoja wa Pangani alikunywa atovastatini miezi mingi bila shida. Akapata dawa za vidonda vya tumbo, na ndani ya mchanganyiko ule mlikuwa na klarithromaisini. Siku ya nne hakuweza kuinua mikono yote miwili kujitanda khanga. Antibaotiki hiyo huzuia ini lisiivunje statini, nayo ikarundikana mwilini. Erithromaisini hufanya vivyo hivyo, pia baadhi ya dawa za fangasi, baadhi ya dawa za VVU, na juisi ya balungi ikinywewa kwa wingi. Daktari alisimamisha statini kwa muda mpaka dozi ya tumbo ikaisha, kisha akairudisha.

Kwa hiyo: usiikate statini kwa uamuzi wako, kwa sababu kuikata kunaweza kukurudishia kiharusi. Nenda kwa daktari, mwambie "yanauma pande zote mbili," na muulize kuhusu kipimo cha damu kinachoitwa CK, kinachoonyesha kama misuli inaharibika. Dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa. Lakini mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, na misuli imeishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Figo ziko hatarini.

Sasa sindano. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, huumiza figo, na diklofenaki huongeza hatari ya moyo na kiharusi kingine. Kwa anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda kama aspirini, klopidogreli au wafarini, zinaweza kumwagisha damu tumboni, na ibuprofeni inaweza hata kuizuia aspirini isifanye kazi yake. Ndiyo maana moyo wangu uliruka niliposikia sindano tatu. Sindano ya kalio kwa mtu wa wafarini inaweza pia kuacha bonge kubwa la damu ndani ya msuli. Hijama na chale kwa wanaokunywa dawa hizi zina hatari hiyo hiyo ya kutokwa damu, kwa hiyo daktari aulizwe kwanza.

Kwa wengi parasetamoli ni salama zaidi: vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Mwembamba sana, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe apunguze kwa ushauri wa daktari. Na soma maandishi ya vidonge vya "maumivu" vya dukani, kwa sababu vingi vimeshachanganywa parasetamoli na diklofenaki ndani.

Hatua ya 7: Mkono uliovimba, na mkono unaowaka

Kuna hali mbili ambazo mito haizimalizi.

Ya kwanza ni kiganja kuvimba, ngozi kung'aa, kuwa na joto na rangi tofauti, vidole visikunjike, na hata upepo wa feni ukauma. Kwa kawaida hutokea wiki au miezi michache ya mwanzo. Wahi kwa mtaalamu, kwa sababu mapema hutibika na baadaye vidole huganda. Wakati mnasubiri safari, alale na mkono juu ya mito, kiganja juu kuliko kiwiko, na usimwekee dripu au kupima presha mkono huo ikiwezekana.

Ya pili ni maumivu yanayotoka kwenye ubongo wenyewe. Mwaka 1906 madaktari wawili wa Ufaransa, Dejerine na Roussy, waliandika juu ya wagonjwa waliopata kiharusi katika thalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayopokea habari za hisia, kisha wakawa na maumivu makali upande uliopooza ijapokuwa mkono wenyewe haukuwa na jeraha. Mtu husema mkono unaungua, au umetiwa barafu, au una sisimizi. Maji ya baridi yanachoma kama moto. Yanaweza kuchelewa kuja kwa miezi. Parasetamoli haiyafikii. Yanatibiwa na dawa za mishipa ya fahamu kama amitriptilini, gabapentini au pregabalini, na daktari huanza na dozi ndogo akipandisha taratibu. Ninachoomba ni kimoja: mgonjwa akisema hivi, aaminiwe. Nimewasikia watoto wakimwambia mama yao anajisingizia kwa sababu mkono "hauna kitu". Maumivu yake ni ya kweli kama ya kuungua jikoni.

Misuli iliyokakamaa, ngumi imefungwa na kiwiko kimekunjwa, nayo ina dawa zake, baklofeni ikiwa mojawapo. Akishaanza baklofeni asiikatize ghafla.

Hatua ya 8: Mwendo mdogo, kila siku

Mara mbili kwa siku, dakika kumi, baada ya kuoga maji ya uvuguvugu mwili ukiwa umelainika. Pima joto la maji kwa mkono wako au kwa mkono wake mzima. Ule wenye ganzi huungua bila kujua.

Kwanza, kubembea mtoto: mkono mzima unaubeba mgonjwa kifuani kwa kushika kiwiko, na kuubembeza kushoto na kulia. Pili, taulo mezani: mikono yote juu ya taulo, ule mzima juu ya ule mgonjwa, anasukuma mbele na kurudi, mwili ukiinama pamoja. Tatu, kuinua mabega yote juu na kuyashusha nyuma. Nne, kufungua vidole kimoja kimoja, dole gumba likitangulia.

Usiinue mkono juu ya usawa wa bega bila mtaalamu kukuonyesha namna ya kulisogeza kombe la bega pamoja nao, na usimfungie kamba kwenye boriti ajivute juu na chini. Zoezi hilo la kamba linapendwa sana majumbani, na limeharibu mabega mengi. Kukanda nako kuwe kwa kiganja, polepole, si kwa dole gumba na nguvu za kukanda unga.

Misuli iliyoanza kazi upya huuma siku moja hadi tatu baada ya zoezi jipya, ikiwa imechoka tu, kisha huacha. Hilo ni la kawaida. Maumivu makali yanayodumu zaidi ya saa mbili baada ya zoezi yanasema umezidisha, basi kesho fanya nusu. Yakiamsha mtu usiku, simamisha uombe akaguliwe.

Hatua ya 9: Kwenda kliniki

Beba daftari, maboksi yote ya dawa pamoja na za dukani na za miti shamba, na fimbo anayotembelea. Anza na sentensi moja: "Bega la kulia linakata akiinuliwa mkono, mgongo unauma akikaa zaidi ya saa moja, na hivi havikuwepo kabla ya mwezi wa tatu." Usiseme tu "anaumwa mwili". Omba waziwazi aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza wanao, na hospitali nyingi za mkoa pia. Mwambie daktari vilevile kama halali, hataki kula, au analia peke yake. Huzuni baada ya kiharusi ni ugonjwa unaotibika, na mwili wenye huzuni huuma mara mbili.

Kama umefuata hatua ya 4 na ya 5 kwa wiki mbili na daftari halionyeshi nafuu yoyote, rudi kliniki, hata kama ulipewa tarehe ya mbali.

Mzee wa Ngamiani alianza kulala usiku mzima wiki ya tatu. Bega lake halijaacha kuuma kabisa, hasa msimu wa kusi, lakini daftari lake sasa linaandika 2 na 3 pale palipokuwa na 8. Juzi nilimkuta barabarani anapanda bajaji, na kabla dereva hajanyoosha mkono alishasema: "Shika mkanda, mwanangu. Mkono niachie mwenyewe."